Kuongoza wageni wa ndege kutoka Sokoke hadi Bogoria, hatua kwa hatua

Safari nyingi za ndege huharibika mezani, kabla gari halijawashwa. Kiongozi hupanga siku zote kwa mtindo mmoja: kutoka alfajiri, kupumzika mchana, kutoka tena jioni. Savana itamkubalia. Pwani haitamkubalia, kwa sababu pale mwenye amri ni maji. Ziwa la magadi nalo lina joto na upepo wake, na msituni usiku ni sehemu ya kazi. Mwongozo huu ni wa safari ya siku 8 nchini Kenya yenye makazi manne: msitu wa Arabuko-Sokoke, hori ya Mida, Tsavo na Ziwa Bogoria. Kundi ni watu 6. Wakizidi hapo, wa mwisho kwenye njia ya msitu haoni chochote ila mgongo wa mwenzake.

Hatua ya 1: Anza na jedwali la maji

Weka siku ya Mida kwanza, kisha zungushia siku nyingine. Maji yakipwa kabisa, ndege wa tope hutawanyika mbali hadi wanaonekana kama punje za pilipili manga. Yakifurika, tope limekwisha na ndege wamehamia mikokoni. Unachotaka ni maji yanayopanda, kwa sababu ndiyo yanayowasukuma hatua kwa hatua kuelekea uliposimama. Fika muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa, teleskopu iwe imeshasimama, na jua liwe mgongoni.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, pwani hii hujaa karibu na saa 10 alasiri, basi uwe pale saa 7 mchana, jua kali au la. Chukua kofia na lita 1.5 za maji kwa kila mtu. Siku za maji mafu tope halifunikwi lote na ndege hubaki mbali. Kumbuka pia kwamba mlango wa hori ni mwembamba, kwa hiyo ndani maji huchelewa kuliko bahari wazi. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, ni mwanzo wa hesabu tu. Muulize mvuvi wa pale.

Ndege ambaye wageni wengi wanamjia ni *Dromas ardeola*, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene mweusi. Mtambue kwa mwendo: anakimbia hatua chache, anasimama, anainama, anadona kaa. Tarajia kumwona zaidi kati ya Agosti na Aprili. Wahamiaji wa Ulaya na Asia huanza kuingia Agosti hadi Septemba na kuondoka Machi hadi Aprili. Kwa safari hii, Novemba ndio mwezi bora: wahamiaji wapo, na mvua za vuli zimewavisha kwera wengi rangi za uzazi. Ukienda Agosti, kwera wengi watakuwa wa kahawia, na utatumia nusu ya safari ukieleza kwa nini huwezi kuwapa jina.

Hatua ya 2: Rekebisha darubini za wageni jioni ya kwanza

Usingoje msituni. Mwambie kila mmoja afumbe jicho la kulia, atazame kibao chenye maandishi umbali wa mita 20 hivi, azungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi. Kisha afumbe la kushoto, asiguse gurudumu tena, azungushe pete ya jicho la kulia mpaka maandishi yatulie. Akariri pete ilipo. Asiyevaa miwani avute vikombe vya macho nje. Mwenye miwani avisukume ndani, la sivyo ataona duara dogo lenye kiza pembeni na atadhani darubini ni mbovu.

Kama mgeni anauliza aje na ipi, 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha makazi yote manne. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Ya 10x42 inatoa 4.2, na chini ya kivuli cha msitu tofauti hiyo unaiona. Isitoshe, ya 10 inatikisika zaidi mikononi.

Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu saa

Viongozi wengi huelekeza ndege kwa uso wa saa. Ukiwa na kundi mchanganyiko, mtego uko hapa. Ukisema "saa tatu", mgeni wa Ulaya anageuka kulia, mshale ukiwa kwenye namba 3. Mgeni wa Nairobi anayehesabu saa kwa Kiswahili anawaza mshale kwenye namba 9, anageuka kushoto. Wote wawili wamefuata ulichosema, na ndege keshaondoka. Semeni "namba tatu" badala ya saa, na pua ya gari iwe namba 12 daima, hata kama mtu amekaa ubavu.

Kisha fundisha kuteremka kutoka kitu kikubwa: shina jeupe, tawi la pili kushoto, ngumi moja juu ya pale tawi linapogawanyika. Ngumi ni ya mkono ulionyooshwa, takriban nyuzi 10. Usisafiri na neno "pale". Taa ya leza, ukiwa nayo, ielekeze kwenye shina chini ya ndege, kamwe si kwake.

Hatua ya 4: Msituni, soma udongo kwanza

Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420 na si msitu mmoja. Kwenye mchanga mweupe imesimama mirihi, yaani *Brachystegia*, iliyo wazi na yenye mwanga. Hapo tafuta kwera wa Clarke, juu kwenye matawi, akitembea na kundi mseto, yaani ndege wa aina tofauti wanaolisha pamoja. Kwenye udongo mwekundu kuna vichaka vizito vya *Cynometra*, na huko ndiko aliko bundi mdogo wa Sokoke, *Otus ireneae*, mwenye kimo cha sentimita 16 hivi.

Mchana bundi huyu hulala karibu na ardhi, mara nyingi wawili bega kwa bega. Nenda na kiongozi wa msitu anayejua matawi yao. Peleka wageni wawili wawili, dakika 3 kila zamu, bila mweko wa kamera. Akinyooka na kuwa mwembamba kama kijiti, ameshaogopa: rudi nyuma.

Ukikutana na kundi mseto, simama. Kulifuata ndilo kosa la kawaida, kwani nyayo kumi na mbili kwenye majani makavu hulisukuma mbele. Kaa dakika 20, gawa macho: wawili watazame chini, wawili katikati, wawili juu. Safu ya siafu pia ni ya kungojea, maana ndege hufuata wadudu wanaokimbia. Ila suruali iingizwe ndani ya soksi.

Kuhusu kuchezesha sauti kwa simu: sekunde 20, nyamaza dakika 3, mara mbili tu, kisha acha. Karibu na kiota usicheze kabisa. Ndege anayeitika anaacha kulisha ili alinde eneo lake, na kesho litakuja kundi jingine.

Hatua ya 5: Tsavo

Lipa ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mtandaoni usiku wa kuamkia. Lango halipokei pesa taslimu na mtandao pale hukatika. Ingia linapofunguliwa saa 12 asubuhi. Zima injini kila mnaposimama, mtetemo hupita kwenye viwiko hadi kwenye darubini. Saa mbili hivi baada ya jua kutoka, firigogo huja kunywa maji, kwa hiyo uwe kwenye kidimbwi mapema. Kuanzia saa 3 hewa inapata joto, tai na tumbusi wanapanda: sasa tazameni juu. Pungu utamjua kwa mkia mfupi mno unaomfanya aonekane hana mkia.

Hatua ya 6: Bogoria

Usiunganishe mwendo huu na pwani kwa siku moja. Lala njiani.

Piga simu kabla ya kwenda, uulize heroe wako upande gani. Hula viumbe vidogo vya maji ya magadi, na maji yakipanda na kuzimuka huhama ziwa zima. Barabara za kando nazo zimewahi kumezwa na maji. Fanya kazi ya teleskopu kabla ya saa 4 asubuhi. Baada ya hapo mazigazi huanza, na ukikuza zaidi ya mara 30 unakuza mvuke tu. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu mzito unaoonekana mweusi kwa mbali. Mkubwa ni mweupe zaidi, mrefu, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Wakiinua shingo wote na kuanza kutembea upande mmoja, mmekaribia mno. Kwenye chemchemi za moto, wageni wasitoke njiani: ukoko wa pembeni huvunjika na maji chini yake yanachemka.

Hatua ya 7: Orodha ya jioni

Iandike kabla ya chakula, wakati mabishano bado ni mapya. Kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, kila orodha ni ya mraba wa dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, kama kilomita 9 kila upande, na inahitaji angalau saa 2 za kutafuta kwa bidii. Andika spishi kwa mpangilio mlivyoziona, na mkivuka mstari wa mraba fungua orodha mpya. Ndege ambaye hamkuafikiana hubaki nje, hata kama mgeni amepiga picha ya mkia.