Jinsi ya kuzitunza seli zinazozuia utumbo usivimbe

Kazi yangu ni kukata vipande vya utumbo, kuvipaka rangi na kuvitazama kwa hadubini. Miaka yote hii bado nashangaa: kati ya bakteria wasiohesabika walio ndani ya utumbo na damu yetu, kuna safu moja tu ya seli. Safu hiyo ikilegea, bakteria hupenya, kinga ya mwili huwashukia, na utumbo huvimba.

Kwa hiyo anza kwa kuzilisha. Seli za utumbo mpana hupata karibu asilimia 70 ya nguvu zao kutoka kwa butireti, asidi inayotengenezwa na bakteria wanapochachusha nyuzinyuzi. Zinapoiunguza humaliza oksijeni iliyo jirani, na bakteria wakorofi wanaoihitaji hukosa pa kustawi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku: nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga, matunda. Ongeza kidogo kidogo, na maji yasikosekane, maana ukizidisha ghafla tumbo litajaa gesi nawe utakata tamaa. Mwenye ugonjwa wa utumbo tayari amuulize daktari wake kwanza.

Halafu kuna ute. Kwenye slaidi, seli zinazoutoa zinafanana na vikombe vyenye tumbo jeupe, vimepangana kama shanga. Ute wao huwaweka bakteria mbali na ukuta. Nikiletewa kipande cha mtu mwenye kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa utumbo mpana kuvimba na kutoka vidonda, mara nyingi vikombe hivyo vimepungua sana, na moyo huniuma. Tena bakteria wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeuka na kuula ute wenyewe.

Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki kila siku kwa mazoea. Huuchubua ukuta huu. Antibiotiki nazo, ziwe za kuandikiwa tu. Na sigara iache.

Seli hizi hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 3 hadi 5, basi usikate tamaa kwa ulichokosea jana.

Ila ukiona damu kwenye kinyesi, unakonda bila sababu, au kuhara kunakuamsha usiku, nenda ukapimwe. Kipande tunachokihitaji ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kinapochukuliwa hutakihisi.