Somo: Zijue seli zako za mishipa ya damu kabla ya kupima protini

Wengi mnaolea seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu mmeniuliza kwa nini kipimo cha fibronektini (protini ambayo seli hizi hutoa) cha wiki hii hakilingani na cha wiki jana, ilhali dawa ni ile ile na mkono ni ule ule. Mara nyingi tofauti iko kwenye seli zenyewe. Hivi ndivyo ninavyofanya hapa Nairobi.

Hatua ya 1. Ukishapata kibali cha maadili na ridhaa ya mama, toa seli kwenye vena ya kitovu (kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma) kwa kolajenesi, kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni, kama Eric Jaffe na wenzake walivyofanya New York mwaka 1973. Kila kitovu kiwe na chupa yake na namba yake. Ukivimimina vitatu pamoja, una sampuli moja tu, na tofauti za watoto watatu umezifukia.

Hatua ya 2. Hapa wengi hukwama. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo. Ndani ya inkubeta (kabati la kulelea seli), kaboni dioksidi ya asilimia 5 hapa ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya Mombasa, kwa hiyo chakula cha seli chenye bikaboneti huacha wekundu wake na kuelekea zambarau. Mimi huweka karibu asilimia 6, kisha nahakiki kwa mita ya pH (kiwango cha asidi). Seli zilizolelewa kwenye pH isiyofaa zitakupa majibu yasiyofaa.

Hatua ya 3. Chungulia kwa hadubini kila siku, upige picha. Zikijaa sahani, zinapaswa kubanana kama kabro, matofali ya kutandika barabarani. Ukiona nyembamba ndefu, usizitupe wala usizinyamazie. Zipake rangi ya kuonyesha faktari ya von Willebrand, protini ya kugandisha damu ambayo seli hizi huihifadhi: vijiti vidogo ndani ya seli vitakuambia ni zenyewe, si misuli laini iliyopenya. Kwenye seli za aota ya ng'ombe, ndefu za namna hii huchipuka zenyewe chini ya zenzake na kutoa kolajeni ya aina ya I. Sahani moja, tabia mbili.

Hatua ya 4. Ondoa seli kwa amonia ya milimola 20 kwa lita, osha taratibu, upime matriksi (utando wa protini ambazo seli zimetoa) iliyobaki chini. Daima weka sahani isiyo na seli, yenye chakula kile kile. Seramu ya ndama iliyomo kwenye chakula hicho ina fibronektini yake, nayo hunata kwenye plastiki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi hupaka jelatini kwanza. Itaniharibia kipimo cha kolajeni?*
Inaweza. Jelatini hutokana zaidi na kolajeni ya aina ya I. Pima aina ya IV kwa kingamwili dhidi ya kolajeni IV ya binadamu, isiyoshika ya aina ya I, na sahani yako tupu iwe imepakwa jelatini vilevile.

*Habari daktari. Seli za mhamisho wa 9 (zilizohamishiwa sahani mpya mara tisa) bado zinagawanyika. Nizilinganishe na za 3?*
Hapana, ndugu yangu. Huzeeka kadiri unavyozihamisha, zikatanuka na kubadili zinachotoa. Linganisha 3 na 3.

*Stima ikipotea usiku je?*
Usifungue mlango wa inkubeta. Andika saa ilipopotea na iliporudi, halafu sahani za usiku huo zisichanganywe na nyingine kwenye grafu.