Unahesabu samaki? Tenga msimbo na jina

Ndugu zangu mnaofuatilia mavuno ya ziwani hapa Bukavu, kabla ya kuunganisha jedwali za timu mbili, kubalianeni kwanza orodha moja ya samaki. Sambaza, samaki wetu mdogo wa Ziwa Kivu, kwa jina la kisayansi ni Limnothrissa miodon, aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini ndagala wa Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, anaweza kuwa huyo huyo, au Stolothrissa tanganicae, au wote wawili ndani ya beseni moja. Ukiandika "ndagala" tu, baadaye hakuna atakayeweza kuwatenganisha.

Kila samaki apewe msimbo mfupi usiobadilika, mfano LIMMIO, na sentensi moja ya kumweleza. Majina ya Kiswahili, Kifaransa, Mashi na Kihavu yakae pembeni. Kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa fomu, msimbo unaingia safu ya "name", majina yanaingia "label". Jina likirekebishwa, data za zamani haziguswi. Wekeni pia msimbo wa "hakutambuliwa", maana bila huo anayejaza fomu analazimika kubahatisha, na kubahatisha kwake hakuonekani tena popote. Msimbo mlioacha kuutumia msiufute wala kumpa samaki mwingine: andikeni tu tarehe ulipokoma.

Halafu, tafadhali sana, "tulitafuta hatukumpata" na "hatukutafuta" ni mambo mawili. Cha kwanza kiandikwe wazi, kama Darwin Core, kanuni ya pamoja ya kuandika data za viumbe, inavyofanya kwa safu yake ya occurrenceStatus (yupo au hayupo). Kisanduku kitupu hakimwambii msomaji lolote.