Namna ya kuwakabidhi wanafunzi wa chuo uongozi wa klabu ya programu za kompyuta

Mlezi wa klabu akisimama mbele ya wanafunzi na kuuliza nani yuko tayari kuongoza, mara nyingi hujibiwa kwa kimya, si kwa kuwa hawana uwezo, bali kwa kuwa hawajui wanaombwa kufanya nini hasa. Kwa hiyo usianze na cheo. Anza na kazi yenye mipaka, umkabidhi mwanafunzi mmoja, na umpe pia mamlaka ya kuiamulia.

Hapa Malindi kazi ya namna hiyo haitafutwi mbali. Programu ndogo, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ya kukadiria saa za maji kujaa na kupwa yafaa sana, kwa sababu msingi wa hesabu yake unaeleweka: kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwachie mwanafunzi wa mwaka wa pili aisimamie. Yeye ndiye atakayewagawia wenzake kazi, atakayeamua jinsi ya kuonyesha siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na zile za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na atakayekwenda kuwauliza wavuvi kama makadirio yanalingana na wanayoyaona baharini. Akirudi na habari kwamba saa hazilingani, usimrekebishie msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Muulize atawapangaje wenzake kulitafuta kosa. Hapo ndipo walezi wengi, kwa nia njema kabisa, huvuta kibodi wenyewe na kumpokonya mwanafunzi uongozi aliokwisha kuushika. Vumilia, hata kama kosa umeliona tangu mwanzo na wiki nzima inapita.

Mwaka wa pili nimeutaja kwa makusudi. Wanafunzi wa miaka ya mwisho hukabiliwa na mafunzo ya kazini na mradi wa kuhitimu, kisha huondoka. Kila msimamizi awe na msaidizi wa mwaka wa kwanza, na wote wawili wawe na nywila za akaunti inayohifadhi msimbo, ambayo ifunguliwe kwa baruapepe ya klabu wala si ya mtu binafsi.

Angalia pia nani hupewa kazi gani. Ikiwa wasichana ndio waandikao kumbukumbu za vikao kila mara huku wavulana wakisimamia miradi, mgawanyo huo ubadilishwe kabla haujazoeleka.

Katika vikao, keti nyuma, na swali lolote kuhusu mradi lirudishe kwa msimamizi wake. Muhula unapoisha, msimamizi anayeondoka aandike ukurasa mmoja unaoeleza programu inavyoendeshwa na lililobaki kufanywa, kisha msaidizi aiweke kwenye kompyuta yake akifuata ukurasa huo peke yake. Palipomkwamisha paandikwe upya siku hiyo hiyo, mwandishi wake angali chuoni.