Somo: kikundi cha utamaduni kisife pamoja na mfadhili

Jumuiya nyingi za utamaduni Unguja na Pemba, ziwe za taarab au za ngoma za asili, huanza kuzungumzia mabadiliko pale fedha ya mfadhili inapokatika. Somo hili linaanza mapema zaidi, kwenye daftari la hesabu.

Hatua ya kwanza ni kujua mwaka mmoja unawagharimu kiasi gani hata msipofanya onesho lolote. Andikeni kodi ya chumba cha mazoezi, umeme, nyuzi za fidla na udi, matengenezo ya ganuni (ala ya nyuzi ya taarab) na nauli za wanachama, kisha mbele ya kila gharama andikeni nani anailipia. Jina moja likijaza zaidi ya nusu ya ukurasa, hapo ndipo penye hatari. Tamasha la muziki la Sauti za Busara la hapa Zanzibar, lililoanza 2004 na kuvuta wageni kutoka nchi nyingi, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha, ingawa jina lake lilikuwa limeshavuma.

Hatua ya pili ni kutafuta fedha ya ndani kwanza. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja kilichoanzishwa 1905, ilikuwa klabu ya wanachama muda mrefu kabla ya neno mradi kuzoeleka vinywani mwetu. Ada ya kila mwezi, hata ikiwa ndogo, humfanya mtu aulize habari za fedha yake. Ipo pia tunza, ambayo kwa desturi msikilizaji hunyanyuka akampa mwimbaji mkononi; siku hizi wengi hawatembei na noti, kwa hivyo wekeni namba ya kupokea malipo kwa simu iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya, wala si la mshika fedha, na mkubaliane kabla ya onesho fungu la mwimbaji ni lipi na la kikundi ni lipi. (Kwa maoni yangu, ugomvi wa tunza huvunja vikundi vingi kuliko ufukara.)

Hatua ya tatu ni kuziokoa kanda za nyimbo zenu za zamani. Joto na unyevu wa pwani huziharibu kaseti kabatini bila ya mtu kujua, basi anzeni na zile ambazo waimbaji wake wamefariki. Hifadhini sauti katika faili lisilobanwa, yaani lisilopunguzwa ukubwa, na mtengeneze jengine dogo la kusikiliza kwenye simu. Kila faili liwe na jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, mwaka na aliyeitoa kanda, kwa kuwa sauti isiyo na maelezo itakuwa kitendawili kwa wajukuu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo kongwe la Mji Mkongwe, iliporomoka Disemba 2020, na kuta zake si nyembamba. Nakala ya pili ikae nyumba nyengine, na ikiwezekana kisiwa chengine.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni idhini. Msipandishe wimbo mtandaoni kabla ya kukubaliana kwa maandishi na mtunzi au warithi wake, na ulizeni COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, kuhusu kusajili kazi zenu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Maalim, sisi tunacheza msewe, ngoma ya asili ya Pemba. Hoteli inataka dakika kumi tu, na wazee wanasema huko ni kuichezea ngoma. Tufanyeje?

Jibu: Wazee wana haki, na nyinyi mna haja. Waacheni wao ndio wachague kipande cha kupeleka hotelini, na ngoma kamili ibaki kwa shughuli za kijijini. Mkataba utaje muda, usafiri, chakula na malipo ya awali.

Mwanachama wa Bumbwini: Tulimrekodi marehemu bibi mmoja, sasa mwanawe hataki tuisambaze. Kanda si yetu?

Jibu: Kanda yaweza kuwa yenu, lakini utunzi na uimbaji vina haki zake. Ihifadhini, msiisambaze, na mpelekeeni nakala mwanawe bila ya sharti lolote.

Mwanachama wa Chake Chake: Mfadhili anadai ripoti kila baada ya miezi mitatu na hatuna mhasibu, Maalim.

Jibu: Mmoja apokee fedha, mwengine aandike, wa tatu aidhinishe matumizi, na risiti ibandikwe daftarini siku hiyo hiyo. Katika ombi lijalo tieni posho ya mtunza hesabu kwenye bajeti. Mfadhili anayetaka ripoti nzuri anapaswa kukubali kuigharamia.