Korosho Ziko Newala, Wewe Uko Oslo: Kukausha na Kutunza kwa Kipimo cha Unyevu

Ukiwa na mikorosho Newala, Tandahimba, Nachingwea au Ruangwa na wewe unaishi Leeds, Oslo au Muscat, sehemu kubwa ya mwaka shamba utalisimamia kwa simu bila taabu kubwa. Palizi inaonekana kwenye picha. Salfa ya kupulizia mikorosho ina risiti. Taabu inaanza korosho zikianza kudondoka, Septemba na Oktoba, maana kuanzia hapo bei inategemea kitu ambacho picha haioneshi: maji yaliyobaki ndani ya ganda. Mjomba anakwambia zimekauka, karani wa chama cha msingi cha ushirika anasema bado, na wewe huna cha kushika isipokuwa kauli zao mbili.

Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, haigromita ya kidijitali inayoenea kiganjani, kinaweza kuwa kauli ya tatu. Huko uliko ni kitu cha bei ndogo, kinatumia betri ya saa, hakitaki umeme wala intaneti. Lakini hakikaushi korosho, kwa hiyo tuanzie kwenye turubai.

Kuokota na kuanika

Korosho haiangushwi kwa fimbo. Inasubiriwa idondoke yenyewe na bibo lake, ndipo imekomaa. Chini ya mkorosho pafyekwe na kufagiwa kabla msimu haujachanganya, ili kilichodondoka leo kiokotwe leo au kesho. Inayolala siku nyingi kwenye majani mabichi inaanza kuoza hata kabla ya kufika nyumbani. Bibo linyofolewe lote. Kipande cha nyama kikibaki kwenye kitako cha korosho, ukungu unaanzia hapo. Kuhusu mabibo yenyewe usiwe na wasiwasi, wapika uraka, ile pombe ya mabibo, hawahitaji kualikwa.

Kuanika ni siku mbili hadi tatu za jua kali, kwenye turubai au sakafu ya saruji, tabaka jembamba linalogeuzwa mara kadhaa kwa siku. Jioni zifunikwe au ziingizwe ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja unarudisha sehemu ya kazi ya mchana. Na zisifungwe kwenye gunia zikiwa bado za moto. Zipoe kivulini kwanza, la sivyo zinatoa jasho humo ndani. Mvua za kusini huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, wakati minada bado inaendelea, kwa hiyo korosho za mwisho ndizo zinazoleta matatizo. Kama una hela ya kutuma kitu kimoja tu kabla ya msimu, tuma turubai nzuri. Simu mpya ya mpwa inaweza kusubiri.

Wazee wana vipimo vyao. Korosho ikitikiswa karibu na sikio inagonga ndani ya ganda. Ukucha wa dole gumba ukikandamizwa hauachi alama. Hivi si vya kudharau, vinatenganisha mbichi na kavu vizuri kabisa. Vinapokwama ni kutenganisha kavu na karibu-kavu. Korosho iliyookotwa inaweza kuwa na unyevu wa asilimia 20 na zaidi, na inatakiwa ishuke hadi kati ya 8 na 10 ili itunzike. Yenye 9 na yenye 12 zinalia sawasawa sikioni, ila ya 12 ikikaa kwenye gunia mwezi mmoja, kiini kinabadilika rangi na daraja la kwanza linakuwa la pili.

Chumvi kwanza

Vipimo hivi vya bei ndogo vinakosea, mara nyingi kwa alama 3 hadi 5. Usikitume Mtwara kabla hujajua chako kinakosea wapi. Chukua kizibo cha soda, weka chumvi ya mezani, ongeza matone machache ya maji mpaka chumvi ilowane bila kuyeyuka yote. Weka kizibo hicho pamoja na kipimo ndani ya kopo linalobana, funga, acha hadi kesho yake mahali pasipo na jua. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowana namna hii hukaa kwenye asilimia 75, iwe Norway au Nanyamba. Kipimo kikisoma 71, andika +4 kwenye kipande cha plasta na ukibandike mgongoni. Kikisoma 78, andika −3. Kikikosea kwa 10, kirudishe dukani.

Nunua viwili vinavyofanana, na betri za akiba. Betri za vidonge Mtwara mjini utazipata. Kijijini ni bahati. Vile vinavyotuma taarifa kwa bluetooth havikufai ukiwa mbali, kwa sababu lazima mtu asimame navyo karibu akiwa na simu. Picha ya WhatsApp ya kioo cha kipimo, tarehe ikiwemo, inatosha.

Kopo

Watu wengi wakipata kipimo wanakitundika ukutani kwenye stoo. Hapo kinapima hewa ya stoo, basi. Unachotaka kujua ni hewa iliyozungukwa na korosho zenyewe, ikiwa imefungiwa nazo mpaka zimekubaliana.

Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Chota korosho kutoka sehemu tofauti za turubai, katikati, pembeni na chini, usichague zile za juu tu zilizopigwa na jua. Jaza theluthi mbili, weka kipimo juu, funga, weka kivulini. Sasa subiri. Ganda la korosho ni nene na lina mafuta. Nje hukauka mapema huku ndani bado pana maji, na maji hayo hutoka polepole. Baada ya saa moja kipimo kinaweza kusoma 56 na kila mtu akafurahi. Asubuhi ya pili kinasoma 69. Namba ya kweli ni ya asubuhi, na ikiwa bado inapanda, ni ya asubuhi inayofuata.

Namba hii ni ya unyevu wa hewa ndani ya kopo, si zile asilimia 8 hadi 10 za maji ya korosho yenyewe. Ikisimama chini ya 65, zifungwe. Kati ya 65 na 70, zipewe jua la siku moja zaidi, hasa kama hazipelekwi ghalani wiki hiyo. Zaidi ya 70, zirudi kwenye turubai bila mjadala, na ikifika 80 ukungu hauko mbali. Ikisoma chini ya 50 umepitiliza, na hilo nalo lina gharama yake, nitalifikia.

Njia hii ya kopo si ya korosho peke yake. Canada, ambako tangu 2018 sheria inaruhusu mtu kupanda bangi kidogo nyumbani katika majimbo mengi, watu huweka kipimo hichohicho kwenye chupa ya mavuno yao na kusoma namba namna hiyohiyo. Kwetu bangi ni jinai. Kipimo chenyewe hakina kosa, ila chagua kisicho na picha ya jani kwenye boksi, usije ukaanza kujieleza pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere.

Kilo zilizopotea

Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibiana. Kaka anasema ameokota kilo 1,000. Baada ya wiki mbili karatasi ya mzani inaonesha kilo 880. Aliye Leeds anapiga hesabu ya kilo 120 na kumwona kaka yake mwizi.

Piga hesabu hii kwanza. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 800 za korosho yenyewe na kilo 200 za maji. Ukizikausha mpaka asilimia 9, zile kilo 800 ndizo zinakuwa sehemu 91 kati ya 100 za uzito mpya. 800 ugawe kwa 0.91, unapata 879. Kilo 121 zimepaa juani, hakuna aliyezibeba. Zilianza na asilimia 15? 850 kwa 0.91 ni kama 934. Kwa hiyo ukitaka kumhoji mtu, mhoji ukiwa na unyevu wa mwanzo na wa mwisho, siyo kilo peke yake. Uzito upimwe siku korosho zinapofungwa kwenye magunia. Kilo za siku ya kuokota ni za kufurahisha moyo tu.

Hesabu hiyohiyo inageuka upande wa pili. Zikaushe mpaka asilimia 6 badala ya 9, na kilo 879 zinakuwa 851. Tuchukue bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, kwa mfano tu: umeanika kilo 28, shilingi 84,000, zikapotea hewani kwa bidii. Mnunuzi hakulipi zaidi kwa sababu zimekauka kupita kiasi. Anayesema “kadiri zinavyokauka ndivyo bora” hajawahi kulipwa kwa mzani.

Unyaufu wa ghalani, yaani uzito unaopungua mzigo ukiwa ghalani, ni jambo jingine, na ugomvi wake ni wa chama na wanachama wake. Lakini mwanachama anayejua korosho zake ziliingia na unyevu gani ana la kusema kwenye mkutano.

Stoo na ghala

Gunia liwe la juti au katani, lisiwe salfeti wala mfuko wa nailoni. Yapangwe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, na paa likaguliwe kabla ya mvua. Nyumbani kwa pwani, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini, hewa ya usiku ina unyevu mwingi, na korosho uliyoifikisha 62 kwenye kopo itaanza kunywa tena kupitia gunia. Kule juu Newala afadhali kidogo, ila ukungu wa asubuhi upo. Mlango wa stoo ufunguliwe mchana hewa ikiwa kavu, ufungwe kabla ya jua kuzama. Wengi hufanya kinyume: wanafungua usiku ili papoe.

Usipange kukaa nazo. Kwenye stakabadhi ghalani, utaratibu wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, muda wa mzigo kukaa ghalani hauuamui wewe. Msimu wa 2018/19, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mzigo mwingi ulikaa maghalani kwa miezi. Siku kama hizo haziulizi korosho ya nani, zinauliza iliingia ikiwa kavu kiasi gani.

Kuna jambo la hela pia. Familia isiyo na kitu Septemba itamuuzia mtu wa kangomba, anayepima kwa bakuli na kuondoka na korosho mbichi kwa bei ya kuhurumia, kinyume cha utaratibu. Mtu huyo hajali unyevu kwa sababu anajua atakausha mwenyewe na kuuza kwa bei kamili. Ukituma hela kidogo ya kula mwezi huo, umeokoa korosho nyingi kuliko kipimo chochote.

Namna ya kumwambia mjomba

Hata uwe umelipia kila mfuko wa salfa, usimpigie mjomba kumwambia korosho zake mbichi kwa sababu kopo limesema. Kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kupewa maelekezo kwa video. Mkabidhi kipimo mpwa aliye kidato cha tatu au cha nne, mfundishe chumvi na kopo, halafu mpigie mzee: “Shikamoo mjomba, nimemtuma huyo kijana akusaidie, naomba umwangalie asiharibu.” Siku za mwanzo mzee atatikisa korosho sikioni na kijana atasoma kopo, na mara nyingi watakubaliana. Wasipokubaliana, mwache mjomba achague mwenyewe gunia la kuweka alama na kulifungua baada ya wiki tatu. Usiongeze neno.

Na hakikisha mapema jina lililosajiliwa kwa shamba hilo ni la nani, kwa sababu malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Hilo halirekebishwi kwa haigromita.

Zile za kubeba

Ukija Desemba utapewa korosho zilizobanguliwa, kilo mbili tatu za kwenda nazo. Kiini kilichobanguliwa kinataka ukavu zaidi kuliko korosho ya ganda, unyevu usiozidi asilimia 5, na utaujua kwa meno: kinavunjika kwa mlio, hakitafunwi kama nyama ya nazi. Zilizolegea zipashe oveni kwa moto mdogo, poza kabisa, kisha funga kwenye chupa. Angalia masharti ya forodha ya nchi unayoingia. Ukizihifadhi kwenye friza, siku ya kuzitoa acha chupa ibaki imefungwa vilevile mpaka ipate joto la chumba; ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa ya jikoni unageuka kuwa maji juu ya korosho na jioni hiyohiyo zimelegea.