Dume wa Sungura Asiyetungisha Mimba: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kulinda Ubora wa Mbegu

Majike watatu wakipandwa na dume mmoja na wote wakakosa mimba, wafugaji wengi humhukumu dume huyo papo hapo na kumpeleka jikoni. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka mno, kwa sababu mbegu anazotoa dume leo hazikutengenezwa leo wala wiki iliyopita. Ndani ya korodani za sungura, mbegu huchukua takriban siku 50 tangu chembe ya mwanzo hadi umbo lake kukamilika, kisha hupita kwa siku nyingine zinazokaribia kumi katika mrija wa kuhifadhia, ambako hupata uwezo wa kuogelea na kurutubisha yai. Jumla yake inakaribia miezi miwili. Anayetafuta sababu ya dume kushindwa hana budi kuanza na kalenda, aulize dume huyo alikuwa katika hali gani siku 50 hadi 60 kabla ya upandishaji ulioshindikana.

Kabla ya kumlaumu dume

Jike wa sungura hatoi mayai kwa mzunguko kama ng'ombe au mbuzi. Mayai yake hutoka takriban saa 10 baada ya kupandwa, na tendo lenyewe ndilo linaloyachochea. Kwa hiyo upandishaji usiokamilika hauleti mimba hata kama shahawa za dume ni bora kabisa. Mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, si dume kwa jike, kwa kuwa dume akiwekwa mahali pageni hupoteza muda akinusa na kuweka alama, na jike naye hulinda makazi yake kwa kumng'ata. Simama uangalie. Dume aliyemaliza huanguka kando au nyuma kwa ghafla, mara nyingi kwa mlio mfupi. Aliyepanda na kushuka tu bado hajafanya kitu. Uke wa jike ukiwa mweupe na mkavu, mrudishe ujaribu siku nyingine, kwa sababu jike aliye tayari huwa na uke mwekundu uliovimba kidogo.

Siku ya 12 hadi ya 14 papasa tumbo la jike taratibu kwa vidole, ukitafuta vivimbe laini vya ukubwa wa gololi vilivyojipanga kila upande. Andika matokeo katika daftari pamoja na namba ya dume, namba ya jike, tarehe na idadi ya watoto waliozaliwa. Daftari hili ndilo maabara ya mfugaji mdogo. Jike mmoja akishindwa kwa madume wawili tofauti, tatizo liko kwake, na huenda amenenepa kupita kiasi. Majike kadhaa waliowahi kuzaa vizuri wakishindwa kwa dume mmoja, au wakianza kuzaa watoto wawili watatu badala ya saba au wanane, hapo ndipo dume achunguzwe.

Joto

Katika ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam, ningeanza na joto kabla ya jambo lingine lolote. Sungura hatoi jasho la kumpoza. Hutegemea masikio yake na kuhema. Joto la nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi humfaa, na linapopita nyuzi 30 kwa siku nyingi mfululizo, hamu ya dume hupungua, idadi ya mbegu hushuka, na mbegu zenye kasoro au zilizokufa huongezeka. Hamu hurudi mapema hali ya hewa inapopoa, lakini mbegu hazirudi kwa kasi hiyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme majike waliopandwa Aprili 20 wamekosa mimba, ilhali masika yameanza na banda limepoa. Ukihesabu nyuma siku 50 hadi 60 utafika kati ya Februari 19 na Machi 1, yaani katikati ya kipindi cha joto kali kabisa pwani. Dume huyo si tasa. Anatoa mbegu zilizoharibika Februari, na akitunzwa vizuri atatoa mbegu nzuri kabla ya Juni kwisha. Mfugaji wa nyanda za juu zenye baridi, kama Lushoto, Njombe au Limuru, anaweza kuisoma aya hii haraka na kuendelea.

Tundika kipimajoto katika kimo cha kizimba cha dume, si mlangoni, na ukisome saa nane mchana. Mara nyingi utashangaa, hasa ikiwa banda limeezekwa kwa mabati ya chini na vizimba vimepangwa ghorofa, kwa maana kizimba cha juu kabisa, karibu na bati, huwa na joto kuliko cha chini. Madume wakae chini. Makuti au nyasi juu ya bati, rangi nyeupe juu ya paa, na kuta za wavu zinazopitisha upepo huleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Chupa ya maji yaliyogandishwa, ikilazwa ndani ya kizimba saa sita mchana, humpa dume kitu cha kuegemea. Kwa kuwa dume mmoja hutosha majike kumi hivi, si lazima kupoza banda zima. Hata kona moja yenye kivuli cha mwembe kwa ajili ya madume inatosha. Kupandisha alfajiri au jioni ni desturi nzuri, lakini isichukuliwe kuwa tiba: humsaidia dume kuwa na hamu siku hiyo, wala haizirekebishi mbegu zilizokwisha kuharibika.

Chakula

Dume wa uzito wa kati hutosheka na gramu 120 hadi 150 za chakula cha punje za kiwandani (pellets) kwa siku, chenye protini ya asilimia 15 hadi 17, pamoja na nyasi kavu na majani mabichi kiasi. Anayeshindiliwa chakula hunenepa, akawa mzito wa kupanda na mwepesi wa kuathirika na joto. Anayenyimwa hupungukiwa hamu na shahawa. Papasa uti wake wa mgongo kila wiki mbili: mifupa isikukwaruze vidole, wala isifunikwe na mafuta hadi ipotee.

Wanaochanganya chakula wenyewe wana mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni mashudu ya pamba, ambayo katika Kanda ya Ziwa hupatikana kwa urahisi na kwa bei inayovutia. Mashudu hayo yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo hudhuru utengenezaji wa mbegu za kiume, kwa hiyo kwa madume wa kuzalisha tumia mashudu ya alizeti, hata kama yamezidi bei kidogo. La pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, katika pumba na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Sungura huathirika upesi kwa sumu hii kuliko wanyama wengi wa kufugwa. Ini lake huumia, na ubora wa shahawa hushuka. Kupepeta au kuanika pumba zilizoshika ukungu hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia, na kuzitupa ni hasara ndogo.

Vitamini A na E zinahitajika ili mbegu zitengenezwe na kubaki hai, na zote mbili hupungua chakula kinapokaa ghalani muda mrefu. Majani ya kijani kama matembele, yakinyaushwa kwanza, hurudisha sehemu kubwa ya kinachokosekana. Maji safi yawepo usiku na mchana.

Umri na kiasi cha kumtumia

Dume wa aina ya New Zealand White au California aanze kazi akiwa na miezi mitano hadi sita. Flemish Giant, kwa ukubwa wake, asubiri zaidi. Dume mchanga huanza kwa kupanda mara moja au mbili kwa wiki. Aliyekomaa anaweza kupanda mara mbili kwa siku, kwa siku tatu au nne katika wiki, na akizidishwa shahawa huwa nyepesi kwa sababu akiba ya mbegu huisha kabla ya mpya kufika. Kumpumzisha mno nako kuna kasoro yake: mbegu zilizolala muda mrefu huzeeka na kufa, kwa hiyo dume aliyekaa wiki kadhaa bila kazi apandishwe mara mbili siku ya kwanza, na mara ya pili ndiyo itegemewe zaidi. Wengi huanza kushuka uwezo wakifikia miaka mitatu.

Magonjwa na maumbile

Mlaze dume chali mapajani, umtulize, kisha uziguse korodani. Ziwe mbili, zinazokaribiana ukubwa, zilizojaa na zisizo na uvimbe wala maumivu. Sungura anaweza kuzivuta ndani anapoogopa, hivyo usitoe uamuzi mpaka atulie. Mwenye korodani moja tu asizalishwe, maana kasoro hiyo hurithiwa.

Ukiona malengelenge au magamba kwenye sehemu za siri, na baadaye puani na midomoni, shuku kaswende ya sungura, ambayo huenezwa kwa kupandana na haiambukizi binadamu. Acha kupandisha mara moja, umwite daktari wa mifugo atibu dume pamoja na majike wote aliowapanda. Tiba yake ya kawaida ni sindano ya penisilini. Dawa hiyo ikinyweshwa kwa mdomo huvuruga utumbo wa sungura na inaweza kumuua. Vidonda vya nyayo za nyuma havigusi mbegu, lakini dume mwenye maumivu hayo hakubali kupanda, na kipande cha ubao juu ya waya wa sakafu hutosha kumpumzisha. Ugonjwa wowote wenye homa uandikwe daftarini kwa tarehe, kwa kuwa homa huharibu mbegu kama joto la banda linavyoharibu.

Penye uhimilishaji, yaani jike kutiwa shahawa kwa mrija badala ya kupandwa, shahawa hukusanywa kwa uke bandia na kuangaliwa kwa hadubini. Kiasi cha kawaida hakifiki hata mililita moja, nacho huwa na mbegu milioni 150 hadi 500 kwa kila mililita. Rangi yake ni nyeupe. Ya manjano huashiria mkojo, na ya wekundu au kahawia huashiria damu.

Ukishaondoa chanzo, mpe dume miezi miwili kamili kisha umpandishe kwa majike wanne au watano waliowahi kuzaa vizuri. Wakishindwa tena wengi wao, muondoe katika kuzalisha. Wakati wa kusubiri, azima au nunua dume kwa mfugaji asiyetumia ukoo wenu, badala ya kumtumia mwanawe kwa dada zake.